Maoni Chini ya Picha ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza jana, daftari nimelianza leo. Nimelikuta kwenye droo ya meza yangu ofisini, kurasa mbili za mbele zimechanwa, nyingine zote safi. Miaka kumi na tisa nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mpaka kikafungwa, na mtu aliyefanya kazi ile haachi karatasi safi iliwe na mende.

Siku hizi nasahihisha watu. Jumuiya yetu ina blogu kumi na nne za dini, kila moja na mwandishi wake: huyu ndoa, huyu sala za asubuhi, huyu malezi. Msomaji akimaliza kusoma huandika maoni chini, na maoni yake hayaonekani mpaka yapite kwangu. Nina vitufe vitatu: Ruhusu, Futa, Taka. Taka ni wauza dawa za nguvu za kiume, wakopeshaji wa dakika tano, waganga wa kurudisha wapenzi. Kichujio cha kompyuta huwakamata wengi na kuwatupa kapuni, nami hulipekua kapu kabla ya kulimwaga, asije akawa ametupwa mtu wa kweli. Leo nimemwaga mia nne na kumi na mbili kabla ya chai.

Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la wakata vioo. Tuko wawili, mimi na Fundi anayetunza mitambo. Ananiita Mama Futa.

"Mama Futa," kaniambia leo, "siku ya kiyama wenzako watapewa vinubi, wewe utapewa ufagio."

Nimecheka. Na kwa kuwa hakuna atakayesoma humu, niseme: napenda kufuta. Mtu anaandika mistari ishirini, anabishana, anajiona amesema. Kidole changu kimoja, hakusema kitu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mia tatu na themanini. Hakuna jipya.

Alhamisi, 6 Machi

Blogu inayosomwa kuliko zote ni ya dada yangu. Inaitwa Kando ya Kitanda, na wasomaji wanamwita Mama Faraja. Mwaka jana aliandika jinsi mama yetu, aliyepigwa kiharusi, alivyoacha vidonge vya presha, akaombewa siku arobaini, akainuka na kutembea. Picha ipo. Mama kasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, anacheka. Ile picha ni ya kweli. Mama alisimama. Alisimama siku tisa. Siku ya kumi kiharusi cha pili kikamwangusha bafuni, na tangu hapo hajainuka. Hilo la bafuni halikuandikwa.

Analala chumba cha nyuma, katika nyumba ninayoishi mimi. Namgeuza, namwosha, namvalisha nepi. Asubuhi nikiwa kazini huangaliwa na jirani, bibi asiye na simu wala habari na mambo ya mtandao. Dada huja Jumapili, anakaa nusu saa, ananukia vizuri.

Kazi hii nimeipata kwa dada. Nisisahau.

Saa kumi jioni mama hudai haki yake. "Nisomee watu wangu," husema, kwa upande wa mdomo unaofanya kazi. Nami humsomea maoni yaliyo chini ya picha yake. Bibi shujaa. Bibi umetufundisha. Bibi tunakupenda. Hufumba macho kama mtu anayekunwa mgongo.

Jumatano, 12 Machi

Kapuni leo, katikati ya mganga muuza pembe za bahati na mkopeshaji, nimekuta maneno haya:

"Mimi ni mke wa seremala. Mume wangu ana kisukari na kidonda mguuni. Amesoma habari za yule mama aliyepona, ameacha dawa. Naomba kuuliza, huyo mama bado anatembea? Nijibuni tafadhali."

Alikuwa ameyabandika kwenye blogu zote kumi na nne, hata ile ya malezi, ndiyo maana kichujio kikamdhania taka. Nimeyafuta moja baada ya jingine, kama mtu anayeponda kunguni kwenye mshono wa godoro. Nikamsomea Fundi moja kwa sauti ya kulialia. Hakucheka. Alisema, "Lakini huyu anauliza swali."

"Kanuni ya Mwenyekiti wa jumuiya," nikamjibu. "Hakuna matusi, hakuna matangazo, hakuna mabishano."

"Sasa hilo ni lipi katika hayo?"

Nikamwambia atengeneze paa, matone yanaangukia mashine yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Kaja tena. Kumi na nne.

Jumamosi, 15 Machi

Kaja. Kumi na nne.

Jumapili, 16 Machi

Dada kaja na gauni jipya la mama, na kamera. Wasomaji wanataka picha mpya, mwaka unakaribia kutimia.

Tulimnyanyua mama tukamkalisha kitini. Aliteleza. Dada akachukua shuka, akamfunga kifuani na mgongo wa kiti, kwa nguvu, akamvika mtandio juu ya fundo. Kichwa nacho kikawa kinaangukia bega.

"Mshike kichwa kwa nyuma," akaniambia. "Ingiza mkono chini ya mtandio. Siyo hivyo. Vidole vinaonekana, toa vidole."

Nilishika shingo ya mama kama mtu anavyoshika jogoo. Mama naye, yule anayeninunia nikimlisha, alikuwa anatabasamu kwa nusu ya uso. Dada akampiga picha kwa upande wa nusu hiyo.

"Mzuri," dada akasema.

"Kweli?" mama akauliza.

"Mzuri mno, mama. Kama binti."

Tulipomrudisha kitandani nilimweleza dada habari za mke wa seremala. Alikuwa anaangalia picha zake, hakuinua macho.

"Futa."

"Anaandika kila siku."

"Nawe futa kila siku, si ndiyo kazi niliyokutafutia? Mdogo wangu, yule ni mtu wa shaka. Shaka inaambukiza kuliko kifua kikuu. Leo umemjibu mmoja, kesho wako mia mlangoni wanataka kumpima mama presha."

Shuka lilimwachia mama alama nyekundu chini ya matiti. Nimempaka mafuta. Amenipiga mkono akasema nina vidole vya baridi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwomba Fundi akiongezee kichujio neno seremala, ili nisimwone kabisa. Kafanya, kwa uso wa mtu anayekunywa shubiri.

Ijumaa, 21 Machi

Kaandika "fundi mbao". Ana akili huyu mwanamke.

Jumanne, 25 Machi

Kuna jambo linanikera. Nikifika ofisini, kabla sijavua hata koti la mvua, namtafuta yeye kwanza.

Siku hizi haandiki kwenye blogu zote. Anaandika kwa dada peke yake, mstari mmoja au miwili. Jana: "Vidole viwili vimekuwa vyeusi." Leo: "Anafanya kazi amekaa. Ana kitanda cha mteja, anasema atakimaliza na kidonda kitakuwa kimefunga." Anaandika vizuri, hana kosa la nukta. Ningekuwa kiwandani ningempitisha bila kuweka alama.

Nimefuta.

Ijumaa, 28 Machi

"Daktari anataka kumkata chini ya goti. Mume wangu anasema yule bibi hakukatwa kitu, madaktari walimtisha hivihivi, na leo anatembea. Naomba mtu mmoja tu aniambie ndiyo au hapana. Silaumu mtu."

Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka Fundi akaniuliza kama kompyuta imeganda.

Jioni, baada ya kumsomea mama watu wake, nikasema, "Kuna mwanamke mmoja anauliza kama bado unatembea."

Mvua ilikuwa inapiga bati kweli kweli, nikadhani hakusikia.

"Mwambie natembea."

"Mama, mumewe ataoza mguu."

"Ndiye mimi niliyemtia kidonda?" Akanivuta kwa mkono mzima, kucha zikaniingia kwenye ngozi. "Sikiliza wewe. Miaka sabini na mbili nimeishi, nje ya mtaa huu hakuna aliyejua kama nipo. Nimefua, nimepika, nimezika baba yenu. Sasa watu nisiowajua wananiita shujaa. Ukisema, umeniua. Umesikia? Nitakuwa nimekufa, na mavi yangu utakuwa unayafuta bado."

Maoni yake nilikuwa nimeshayafuta asubuhi. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba niliyasoma yote kwanza.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Hakuandika.

Jumatano, 2 Aprili

Hakuandika. Nimepekua kapu mara tatu.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuandika. Muuza pembe mmoja kaandika mara sitini.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo sikwenda kazini. Barabara imejaa maji, na jirani ana homa.

Saa nne na nusu hivi nilikuwa nambadilisha mama shuka. Gari likasimama nje, teksi kuukuu, wipa moja tu inayofanya kazi. Akateremka mwanamke mwembamba aliyejifunika mfuko wa plastiki kichwani.

"Hodi wenyewe."

Nikaenda mlangoni. "Karibu. Nani mwenzangu?"

"Samahani, dada. Hapa ndipo kwa Mama Faraja? Kwa yule bibi aliyepona?"

Nilimjua kabla hajamaliza. Aliongea alivyokuwa akiandika, kila neno mahali pake.

"Mimi ni mke wa seremala," akasema. "Nimeandika sana kwenu. Labda hamkuona."

"Labda," nikasema.

Kwenye kiti cha nyuma cha teksi alikuwepo mwanamume, mguu ameunyoosha juu ya kiti, umefungwa taulo, na juu ya taulo mfuko. Kioo kilikuwa wazi kidogo. Harufu ilinifikia pale mlangoni ikikatisha mvua.

Mwanamke akanisogelea, akashusha sauti. "Dada yangu, sikuja kugombana, na sitamwambia mtu. Kama amepona, nimshike mkono, nirudi nyumbani, ninyamaze. Kama hakupona, naomba mume wangu amwone tu. Dakika moja. Tumsaidie kushuka, achungulie, basi. Daktari amesema mwisho Jumatatu, ikipita hapo sumu inapanda. Mimi hanisikilizi. Nimelia, nimepiga magoti, nimeita wazee wake. Anaiamini ile picha kuliko anavyoniamini mimi."

Chumba cha nyuma kilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokuwa, mlango wazi. Nilimsikia mama akihema. Kisha, kwa sauti yake iliyopinda: "Funga."

Sikutakiwa kusema kitu. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe hapa. Nilitakiwa kusogea tu, nipishe mlango, basi.

Mwanamume akaita kutoka garini. "Vipi? Yupo?" Sauti ya mtu aliyezoea kushindana na msumeno, sauti ya furaha.

Nikajibu kwa nguvu, ili imfikie. "Hayupo. Amekwenda sokoni."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Alipiga kiti kwa kiganja, akacheka. "Umesikia, mke wangu? Mvua yote hii, bibi wa watu kaenda sokoni kwa miguu! Na wewe unataka nikatwe kama ubao! Panda gari twende, tunamchelewesha dereva."

Mwanamke hakugeuka. Alinitazama usoni, kisha akatazama chini, mkononi mwangu. Shuka chafu la mama nilikuwa nimelishika muda wote.

"Dada," akasema taratibu, "hilo shuka la nani?"

"Langu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa. Akaurudisha mfuko kichwani, akapanda gari. Seremala alinipungia mkono.

Nilirudi chumbani. Mama alikuwa anatabasamu kwa ile nusu.

"Sokoni," akasema. "Umesema vizuri." Kisha akaniuliza, "Na nimenunua nini huko?"

Nikamwambia, "Nyanya."

Akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimkalishe nimpige mgongo.

Jumatatu, 14 Aprili

"Alikuja?" Fundi aliniuliza, hata salamu hakunipa.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Mama Futa. Mke wa seremala. Alipiga simu ofisini wewe ukiwa umeshatoka. Nilimpa mimi anwani."

Nilimuuliza alipata wapi ruhusa.

"Kila Ijumaa unatoka duka la dawa na pakiti ya nepi za watu wazima chini ya koti. Mtu anayekwenda kwa miguu yake havai nepi. Nikasema nimtume tu. Kufuta kwenye kioo ni rahisi, nikasema, lakini huyu hana moyo wa kumdanganya mtu uso kwa uso."

"Basi ninao," nikamwambia.

Akarudi kwenye nyaya zake. Hakuniita Mama Futa tena siku nzima.

Leo ndiyo Jumatatu ya daktari.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua haikatiki. Blogu ya ndoa wanatukanana kuhusu mahari. Nimewafuta wote, wa upande huu na wa upande ule.

Alhamisi, 24 Aprili

Maoni yake leo hayakuwa kapuni. Aliandika jina lake la karatasi za serikali, si mke wa seremala, kwa hiyo hakuna neno lililonaswa, akapita moja kwa moja mpaka mezani kwangu.

"Mume wangu tumemzika jana saa tisa. Alikataa mpaka mwisho. Kila aliyekuja kumshauri alimsimulia habari ya bibi aliyekwenda sokoni kwenye mvua. Alisimulia akicheka. Msalimieni."

Nilikwenda msalani, nikasimama mbele ya sinki, bomba wazi, sikunawa. Nikarudi nikabonyeza Ruhusu.

Yalikaa dakika ishirini. Dada akapiga simu.

"Nani ameruhusu ule upuuzi?"

"Mimi."

"Umeteleza kidole?"

"Hapana."

Halafu kwa sauti ile laini anayoandikia: "Mdogo wangu, umechoka. Mvua inachosha watu. Futa, kanywe chai, tutasahau."

Nilifuta. Nashangaa hata mimi. Nilimruhusu, na dakika ishirini baadaye nikamfuta, na chai nikanywa.

Jumapili, 27 Aprili

Dada hakuja kumwona mama. Alikuwa anaandika.

Makala inaitwa "Shaka Ilipoingia Nyumbani kwa Seremala". Anasema mume alikuwa na imani ya kuhamisha mlima, lakini mkewe alikuwa akitangatanga mtandaoni kutafuta wa kumkatisha tamaa, akafika hata mlangoni kwa watu kupeleleza. Neema, anasema, haikai nyumba yenye mpelelezi. Jina hakulitaja. Hakuna haja, Alhamisi wengi walishaliona.

Jumatatu, 28 Aprili

Maoni mia sita na kitu. Natamani yangekuwa matusi. Hayana tusi hata moja, wala tangazo, wala mabishano, maana wote wanakubaliana. Kwa kanuni ya Mwenyekiti ni maoni safi.

"Mpendwa mjane, kwa upole nakuambia, ulimuua mumeo. Ubarikiwe."

"Tunakuombea utubu kabla watoto nao hawajaondoka."

"Huyo mama mkwe wake namfahamu, analia kila siku. Amemleta nyoka kwa mwanawe."

Niliruhusu arobaini na tatu. Niliyahesabu baadaye. Ya arobaini na nne yalikuwa ya mtu mmoja aliyeuliza mjane anaishi wapi, wakamwombee, na chini yake mwingine alikuwa ameshamwelekeza: karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Hapo nikatoa mkono kwenye kibodi, nikauweka mapajani kama wa mtu mwingine.

Ijumaa, 2 Mei

Niandike sawasawa.

Asubuhi, kabla ya kazi, nilichukua simu nikaingia kwa mama. Sikumwosha kwanza. Nilifunua shuka. Nepi, kidonda cha mgongoni, mkono uliokauka, vyote.

"Unafanya nini?"

"Nakupiga picha."

Alielewa papo hapo. Akajifunika uso kwa mkono mzima. "Usi," akasema. "Usi. Usi." Neno halikumaliza.

Ningeweza kumpiga picha uso ukiwa umefunikwa. Lakini wangesema si yeye. Nikasubiri mkono uchoke. Mkono mmoja hauchukui muda. Uliposhuka, nikapiga.

Ofisini niliibandika chini ya makala ya dada, nikaandika: "Hii ni ya leo. Anaumwa tangu mwaka jana. Hakwenda sokoni. Mimi binti yake ndiye niliyemdanganya seremala mlangoni. Mkewe alisema kweli." Nikabonyeza Ruhusu.

Nilidhani sijui nini. Nilidhani kutakuwa na kishindo.

Wa kwanza akaandika: "Huyu si yeye. Bibi yetu ana uso wa nuru." Wa pili: "Picha imetengenezwa." Wa tatu: "Hata kama ni yeye, ni binti gani anamwanika mamaye namna hii?" Huyo alikuwa na haki, ningempa alama. Wa saba ndiye waliyemfuata wote: "Kama ameanguka, ni kwa sababu ya huyu asiyeamini anayeishi naye. Mama Faraja, mtoe mama humo."

Saa sita Fundi akaja akasimama karibu na meza yangu, mikono mifukoni.

"Wameniambia nikuzime."

"Zima."

"Na picha."

"Fundi, wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi zima."

Alizima. Alinisaidia kubeba viatu vyangu vya ofisini mpaka chini kwa wakata vioo, akasema nikihitaji chochote nipige simu, na wote wawili tulijua sitapiga.

Jumapili, 4 Mei

Dada kaja na gari na wanaume wawili. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikutoa kwenye vumbi," akaanza kukunja nguo za mama.

Wakati wanampitisha kwenye korido, mama alinitazama. Nikainama, nikadhani anataka mto.

"Wewe ni mbaya kuliko ugonjwa," akasema. Maneno yote yalitoka, hakuna lililopinda.

Nyumba ni kimya. Saa kumi jioni nilijikuta nimekaa chumba cha nyuma, mkono kwenye godoro.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda karakana. Kila mtu pale kituo cha mafuta anaijua.

Mjane alikuwa nje, kwenye ukingo wa zege, anaosha sufuria moja ndogo. Sufuria ya mtu mmoja. Ndani, kati ya mbao na kitanda kisicho na miguu, alikaa mama mkwe, mwanamke mnene mwenye miwani, na shemeji wawili wa kiume. Walikuwa wanakula. Yeye hawakumwita.

Aliponiona hakushtuka.

"Mama amerudi sokoni?" akauliza.

Nilipiga magoti kwenye matope. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na mimi ni mtu wa maneno. Yaliyotoka ni: "Nilikuona kila siku. Nilikufuta kila siku."

"Najua. Shuka lilikuwa linanuka." Akasuuza sufuria, akaifunika. "Inuka. Magoti yako hayanisaidii kitu. Unaona wale? Wameambiwa nimemuua mtoto wao. Hawali na mimi, watoto wamewapeleka kwa shangazi yao. Ingia ndani uwaambie ulichokifanya."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka uniambie mimi, nikusamehe, urudi nyumbani?"

Ndicho nilichotaka.

Niliingia. Nilisimama kwenye vumbi la mbao nikasema: mama yangu hakupona, alikuwa amelala chumba cha nyuma, mwanenu alikuja mlangoni nami nikamwambia amekwenda sokoni. Nililia katikati, nikaanza upya, nikalia tena.

Shemeji mkubwa akaendelea kula. Mama mkwe alivua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Huyu mwanamke amekutoa wapi?" akaniuliza. "Amekuahidi nini uje kutuigizia hapa?"

"Hakuniita, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Mimi nimesoma. Nina simu. Yule bibi anatembea, ana binti mmoja mcha Mungu na mwingine kichaa. Wewe ndiye kichaa." Akamgeukia mwanawe. "Mtoe."

Nje, mjane alikuwa ameshajua, kuta ni za mabati.

"Hawakuamini," nikamwambia.

"Mimi ulinisoma mara ngapi kabla hujaamini?" Aliinuka na sufuria yake. "Kesho njoo tena."

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda. Shemeji mdogo kanisukuma langoni, nimeangukia kiwiko.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda. Nilisemea nje ya bati, kwa sauti. Wateja wawili walisimama wakasikiliza, wakaondoka bila kuagiza kitu. Mjane aliniambia nisipige kelele, nieleze tu.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda. Mama mkwe aliniuliza swali moja: chumba cha nyuma kiko upande gani wa mlango. Nilipomjibu akaniambia nitoke.

Ijumaa, 16 Mei

Dada ameweka picha ya mama kwenye bustani, kwenye kiti chenye mgongo mrefu. Mtandio umefungwa juu juu. Sijui nani anashika kichwa.

Nimekwenda. Nimemwonyesha mama mkwe picha ile, nikamwambia fundo la shuka huwa linakaa wapi. Aliishika simu muda mrefu, karibu na miwani, mbali na miwani. Akanirudishia.

Jumanne, 20 Mei

Leo hakujanyesha. Nimefika saa tatu. Shemeji walikuwa wanapakia kabati kwenye mkokoteni, wakanipisha. Mjane alikuwa ndani, si kwenye ukingo, anafagia vumbi la mbao, na hakuna aliyekuwa akimfukuza.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. Alinisukumia kigoda kwa mguu.

"Haya," akasema. "Anzia gari liliposimama. Mwanangu alikuwa amevaa nini, alisema nini, alicheka vipi, usiniruke kitu. Na leo usilie, nataka kusikia."